Rudia Tena, Bibi Hajaelewa

Yupo mtoto ambaye kila mwalimu wa darasa la tatu anamfahamu. Herufi zote anazijua. Silabi anazijua, hata zile zenye mb, nd, ng' na gh. Ukimwandikia neno moja ubaoni anakusomea vizuri. Sasa mpe kitabu asome aya nzima. Kidole kinatua kwenye neno la kwanza, midomo inacheza kimyakimya, halafu unasikia: "A-li-po... a-li-po-ki... a-li-po-ki-o-na." Anavuta pumzi. "Alipokiona. Ki-si-ma. Kisima." Anafika kwenye nukta. Unamuuliza nani alikiona kisima, anakutazama tu.

Kwenye daftari la shule mtoto huyu amewekwa upande wa wanaojua kusoma. Mimi nasema kazi yake bado iko nusu njia. Anachojua ni kuyatoa maandishi kinywani, na maana inamdondokea njiani. Nafundisha hapa Tanga mjini, na watoto wa namna hii nimewaona kila nilikopita, Makorora, Duga, hadi Mabokweni. Wengi wao wana akili nzuri kabisa. Wamefundishwa hatua ya kwanza, kutamka, wakahamishiwa ya tatu, kuelewa. Ya pili, yaani ufasaha wa kusoma kama mtu anavyozungumza, imerukwa.

Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, David LaBerge na S. Jay Samuels, waliandika maelezo ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mazungumzo haya. Umakini wa mtu una kikomo, walisema. Msomaji anayetumia umakini wake wote kutambua maneno habakiwi na kitu cha kuelewea. Inabidi kutambua maneno kuwe jambo linalojiendea lenyewe, ndipo akili ipate nafasi ya kufuata habari. Watu wa Tanga tumekulia juu ya baiskeli, kwa hiyo hili halitupi shida kulielewa. Anayejifunza baiskeli macho yake yako kwenye pedali na usukani, na shimo lililo mbele haoni. Siku miguu inapozoea, ndipo anaiona barabara.

Kiswahili kina neema na mtihani wake katika hili. Neema ni kwamba tahajia yetu ni nyoofu: irabu tano, kila moja na sauti yake, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mtoto wa Kiingereza huhangaika miaka na maneno yanayoandikwa hivi yakatamkwa vile. Wetu akishika silabi anaweza kutamka neno lolote, hata asilowahi kulisikia. Mtihani uko kwenye vitenzi. Chukua neno "hawajatuambia." Ni neno moja lenye silabi saba, na kila kipande kimebeba jambo: nani, bado au tayari, wamemfanyia nani. Anayekwenda silabi kwa silabi, akifika kwenye "mbia" ile "ha" ya mwanzoni imeshapotea. Na hiyo "ha" ndiyo iliyobeba ukanushi wote. Anabaki na hisia kwamba kuna watu waliwaambia watu jambo fulani, kumbe habari yenyewe ni kinyume chake.

Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili hufika mapema mahali pa kutamka, akakwama mapema pia. Sisi wazazi na walimu tukisikia anatamka tunashukuru, tunamwacha hapo. Sikatai kwamba kazi imefanyika. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipopangwa upya mwaka 2015 ukaelekezwa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, watoto wengi walianza kupata muda wa kutosha wa herufi na silabi. Mwaka uliofuata elimu bila malipo ilipoanza madarasa yakafurika, na mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia mbele yake hawezi kukaa na mmoja mmoja. Nalijua hilo kwa sababu ndilo darasa langu. Ninayoyaeleza hapa ni yale yanayowezekana katika darasa la namna hiyo.

Dawa yenyewe ni kurudia. Samuels huyohuyo mwaka 1979 alieleza njia aliyoitumia: mpe mwanafunzi kifungu kifupi, maneno 50 hadi 200, akisome kwa sauti, akirudie, akirudie tena mpaka kimwendee laini, ndipo umpe kingine. Alichokiona ni kwamba kila kifungu kipya mtoto alikianza akiwa na kasi zaidi ya alivyokianza kilichotangulia, na kilihitaji kurudiwa mara chache zaidi. Faida haikuishia kwenye kifungu alichokizoea. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za kusoma likakubali kwamba kusoma kwa sauti kwa kurudia, huku pakiwa na mtu wa kuelekeza na kusahihisha, kunaongeza ufasaha na uelewa.

Lakini je, Tanga tulihitaji kuambiwa hili? Pita mtaa wowote wa Ngamiani baada ya swala ya alasiri, usimame nje ya chuo cha Kurani. Ustadhi anasoma aya moja, watoto wanamfuatiza. Anairudia, wanairudia. Kisha mmoja mmoja anakwenda mbele kusoma, na kama ulimi bado unagonga, hapiti. Anarudi kwenye mkeka na aya ileile ya jana. Hakuna mzazi anayelalamika kwamba mwanawe amekaa kwenye sura moja wiki nzima. Kila mtu anajua kwamba ndivyo msomaji anavyopatikana. Asubuhi mtoto huyohuyo anakuja kwetu shuleni, na sisi jana tulikuwa ukurasa wa kumi na nne, leo lazima tuwe wa kumi na tano, awe ameusoma ule wa jana au hakuusoma. Tunakimbizana na kitabu, na kitabu hakimngoji mtu.

Tofauti ipo na haina budi kusemwa. Chuoni mtoto anajifunza kwanza kuitamka Kurani kwa haki yake, kila herufi na mahali pake, na tafsiri huja baadaye. Shuleni lugha ni ya kwake, anaiota usiku. Kwa hiyo kila tunaporudia, maana iwe inaongezeka. Mtoto akirudia kifungu mara nne na mara ya nne bado hajui sungura alikwenda wapi, nimempotezea muda.

Nieleze tunavyofanya darasani.

Vitabu havitoshi, kwa hiyo kifungu cha wiki nakiandika kwenye karatasi ya kaki ya mifuko ya saruji. Mji huu una kiwanda cha saruji na nyumba zinajengwa kila upande, mifuko haikosekani. Ukiikung'uta vizuri na kuikata, ule upande wa ndani ni karatasi nzuri, ngumu, haichaniki upesi hata ikibandikwa na kubanduliwa mara kwa mara. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa za kuonekana na aliye dawati la mwisho. Maneno hayazidi themanini. (Ukiona mtoto anasogea mbele kila mara au anakunja uso akitazama ubaoni, mwambie mzazi ampeleke akapimwe macho kabla ya lolote. Wapo waliokuwa wakiitwa wazito, kumbe hawaoni.)

Jumatatu nasoma mimi, wao wanasikiliza tu, macho kwenye karatasi. Nasoma kama ninavyozungumza, bila kupunguza mwendo kwa ajili yao kupita kiasi. Ni lazima wasikie jinsi usomaji unavyopaswa kuwa, maana wengine nyumbani hawajawahi kusikia mtu akisoma kwa sauti. Kisha nasoma tena na tunaweka alama za pumzi. Nawauliza: "Hapa nimepumzika wapi?" Mtoto anakuja na kipande cha chaki anachora mstari mdogo. "Siku moja / sungura na fisi / walikwenda kisimani / kuteka maji." Mstari huo mdogo una thamani kuliko watu wanavyodhani. Anayesoma kwa kukatakata hupumzika baada ya kila neno, kwa hiyo kwake kila neno liko peke yake. Akishaona kwamba "sungura na fisi" ni kitu kimoja na "walikwenda kisimani" ni kitu kimoja, sauti yake inabadilika siku hiyohiyo, hata kama kasi bado.

Na kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Walimu wengi wanakifundisha darasa la sita kama mada ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani, wakati mtoto wa miaka minane anakihitaji leo. Tazama sentensi hizi mbili: "Mama amekuja." "Mama amekuja?" Maneno ni yaleyale, mpangilio ni uleule. Kwetu sauti peke yake ndiyo inayotofautisha habari na swali. Mtoto anayesoma zote mbili kwa sauti moja iliyolala hajasoma swali lililoandikwa mbele yake, na akisoma mazungumzo ya watu wawili hawezi kujua nani anauliza na nani anajibu. Huwa nawapa hizo hizo mbili wazitamke kwa zamu, mwenzake aliyefumba macho aseme amesikia ipi. Wanalipenda zoezi hilo, na siku zinazofuata utaona jicho linatangulia kwenda kutafuta alama mwishoni mwa sentensi kabla mdomo haujafika. Jicho likianza kutangulia mdomo, mtoto ameanza kusoma.

Jumanne na Jumatano wananifuatiza sentensi kwa sentensi, kisha tunasoma pamoja darasa zima. Hapa pana hatari. Kusoma pamoja hugeuka kelele: wachache wanasoma, waliobaki wanaitikia mkia wa neno huku macho yako dirishani. Ndiyo maana kwenye kila dawati kuna karatasi ndogo iliyonakiliwa na watoto wenyewe, na kidole lazima kitembee. Napita katikati ya madawati nikitazama vidole, sitazami midomo.

Alhamisi wanakaa wawiliwawili. Anayesoma vizuri kidogo anakaa na ambaye bado, lakini wasiachane mno, maana aliyeachwa mbali anaona haya na aliyetangulia anachoka. Mmoja anasoma, mwenzake anasikiliza, wanabadilishana. Msikilizaji ana kanuni zake. Mwenzako akikwama, nyamaza kwanza, mpe nafasi. Akishindwa, mwambie neno, usimfanye alitafune silabi kwa silabi mbele yako. Akishaambiwa, arudi mwanzo wa sentensi. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana, hata na sisi wakubwa. Tukimtajia mtoto neno tunamwacha aendelee, sentensi inabaki na kiraka katikati. Akirudi mwanzo anaipita ikiwa nzima, na maana anaipata ikiwa nzima. Kucheka ni marufuku.

Desturi ya kusoma kwa zamu, mmoja anasimama anasoma mistari miwili na darasa zima linasubiri, mimi nimeiacha. Katika darasa la watoto zaidi ya mia kila mmoja anapata nusu dakika ya kusoma kwa wiki, ikiwa bahati yake nzuri. Anayejua hakujifunza kitu, na asiyejua amesimama akitetemeka mbele za watu, akakaa akiwa ameichukia kusoma kuliko alivyosimama. Kwa wawiliwawili, katika dakika hizohizo nusu ya darasa inasoma kwa wakati mmoja. Kelele zipo, kama za soko la Mgandini. Mwalimu mkuu wangu alikuja mara ya kwanza kuuliza kuna nini. Siku hizi anapita tu.

Kuhusu saa. Katika tathmini za KKK kipimo kilichotumika kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika kwa Kiswahili. Ni kipimo chenye faida kwa mwalimu, kwani kinakuonyesha nani bado anakokotana na silabi. Kumbuka tu kwamba maneno yetu ni marefu, kwa hiyo usiende kuokota jedwali la Kiingereza ukawapima nalo watoto wa Kiswahili. Na usimwambie mtoto kwamba anashindanishwa na saa. Ukimwambia, atakimbia. Ataruka nukta, atameza viambishi, "hakumwona" itakuwa "alimwona", na atamaliza akiwa amefurahi. Mimi napima kimyakimya kwa simu na kuandika kwenye daftari langu. Ninachomwambia yeye ni kwamba leo nimemsikia vizuri fisi akizungumza.

Kukariri nako kupo, na watoto wetu ni hodari wa kukariri. Baada ya kurudia sana, mtoto anaweza kukuimbia kifungu chote akitazama dari. Kumjua ni rahisi: onyesha neno moja katikati ya mstari wa tatu, mwulize ni lipi. Au yaandike maneno yaleyale katika sentensi nyingine. Akiweza, kurudia kumefanya kazi. Asipoweza, punguza kufuatiza, ongeza kidole.

Matini ya kurudiwa lazima iwe inastahili kurudiwa. Habari ya "Huyu ni Juma. Juma ana mpira" nani ataisoma mara tano kwa hamu? Nachukua ngano za kwetu zenye mazungumzo mengi, nazifupisha. Ngano huja na sauti zake tayari, kwa sababu mtoto ameisikia nyumbani kuanzia "Paukwa!" na "Pakawa!" Anajua fisi anavyojikokota akizungumza. Tunagawana: wewe fisi, wewe sungura, wewe msimulizi. Hapo hakuna anayelalamika kurudia, maana ni mazoezi ya mchezo.

Na mashairi. Mji wa Tanga una watu wa mashairi kila kona, na bado shuleni shairi tunaliweka mwishoni mwa kitabu kama mapambo. Kwa ufasaha wa kusoma hakuna matini iliyo bora kulishinda, kwa sababu pumzi imo ndani ya mizani. Nimewatungia watoto wangu ubeti wa mizani nane:

Asubuhi naamka,
Kwa bibi moto wawaka,
Kitumbua nakitaka,
Naye ananimegea.

Mtoto akisoma kwa kukatakata, mizani inavunjika na yeye mwenyewe anasikia. Sina haja ya kumsahihisha. Neno "ananimegea" lina silabi sita, kwa kawaida wangeligawa vipande vitatu. Ndani ya ubeti wanalipita kwa mkupuo mmoja, kwa sababu wimbo unawasukuma.

Sasa nyumbani. Wazazi huniambia, "Mwalimu, mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Jibu langu nimelipata kwa bibi mmoja wa Mwanzange, anayeishi na mjukuu wake aliye darasani kwangu. Shule hakwenda. Nilipita kwao jioni moja, nikamkuta kibarazani anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwalimu, karibu. Kaa hapo, nasomewa hadithi."

Mjukuu yuko kwenye mkeka na karatasi yake. Anasoma: "Ko-be. Ha-ku-mwa-mbi-a. Su-ngu-ra."

Mikono ya bibi ikasimama. "We mjukuu wangu, unanisomea au unanihesabia? Mimi sijaelewa. Huyo kobe alimwambia sungura au hakumwambia?"

Binti akanyamaza. Akarudi kwenye neno, kidole kikaenda mpaka mwanzo wake kabisa. "Hakumwambia," akasema. Kisha akainua uso, "Bibi, hakumwambia! Alimficha!"

"Haa. Basi nisomee hivyo, kama unavyoniambia."

Akasoma sentensi yote, ikatoka kama maneno ya mtu. Bibi akaendelea na ukili wake. Nilikaa pale mpaka maghribi, nikamsikia bibi akimrudisha kila alipopoteza habari, bila kujua hata herufi moja iliyokuwa kwenye ile karatasi. Alichokuwa nacho ni sikio la mtu aliyesikiliza hadithi maisha yake yote, na subira ya kusema sijaelewa, rudia. Silabi binti alikuwa nazo tayari. Mtu aliyetaka kwa dhati kujua kobe alifanya nini ndiye aliyekuwa hana.

Hili nalo lina mizizi hapa. Gazeti la Kiongozi lilichapwa Tanga tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati waliojua kusoma herufi za Kirumi walikuwa wachache. Na hata leo kwenye vijiwe vya kahawa utakuta mtu mmoja ameshika gazeti, wengine wanasikiliza na kumkatiza: "Hebu rudia hapo, amesema nani?" Huyo anayekatizwa hawezi kusoma ovyo.

Ninaowahurumia zaidi ni wakubwa. Wapo walio darasa la sita na la saba ambao bado wanakata silabi, na wameshajifunza kuficha. Wanajitolea kufuta ubao, wanaumwa tumbo siku ya kusoma. Mwaka mmoja au miwili mbele wanatakiwa kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na ufasaha ambao hawakuupata katika lugha yao wanatarajiwa kuwa nao katika lugha ya pili. Huwezi kumpa kijana wa miaka kumi na tatu kitabu cha darasa la pili akirudie. Atakichukulia kuwa ni tusi. Kwa hiyo sisi tunawapa kazi. Ijumaa wanakwenda kuwasomea watoto wa darasa la kwanza, na kazi haifanywi bila maandalizi. Siku nne kijana anashinda na kitabu cha sungura, anajifunza sauti ya fisi, anaweka alama za pumzi kwa penseli, kwa sababu Ijumaa kuna wadogo wanaomngoja. Hakuna anayemcheka. Amekirudia kitabu chepesi mara nyingi kuliko ambavyo ningeweza kumlazimisha.

Kinachopungua ni wasikilizaji wa hao wakubwa katika siku hizo nne, kwa sababu mbele ya wenzao hawataki. Tumeanza kuwaomba wazee wa mtaani waje baada ya kipindi cha mwisho, wakae chini ya mwarobaini, kila mmoja na kijana wake mmoja. Wengi wanasita wakidhani wanatakiwa wajue kusoma. Hawatakiwi. Waje tu, wakae, na wasipoelewa waseme.